Picha za klabu usiku: tenganisha mwanga wa flashi na mwanga wa ukumbi

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba mwenye klabu moja hapa Dar es Salaam amekupa kazi ya kupiga picha kila Jumamosi, kwamba unatumia kamera yenye lenzi yake ya kawaida ya milimita 18 hadi 55 pamoja na flashi ya kubandika juu, na kwamba picha zako zinatoka za aina mbili tu: ama nyuso nyeupe kama zimepakwa unga huku nyuma pakiwa giza totoro, ama taa zimetoka vizuri lakini watu wametikisika hata hawatambuliki. Wachangiaji waliotangulia wamekushauri ununue lenzi ya bei kubwa. Mimi hupiga picha za kumbi za starehe kwa malipo, na naona lenzi hiyo inakutosha kwa sasa. Kinachokukwamisha ni kuiachia kamera iamue yenyewe mambo mawili, mwanga wa flashi na mwanga wa ukumbi, ambayo wewe ungepaswa kuyaamua, kila moja kwa wakati wake.

Mtu aliye mbele yako ukumbini huangazwa zaidi na flashi, nayo flashi ikiwa katika nguvu ndogo huwaka kwa muda usiofika hata 1/1000 ya sekunde. Huo ndio mwanga unaomgandisha anayecheza, hata kama shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, imekaa wazi kwa muda mrefu. Taa zilizo nyuma yake hazina habari na flashi hiyo; zenyewe huingia kwa kadiri shata inavyokaa wazi. Kwa hiyo weka kamera kwenye M (unapopanga kila kitu mwenyewe), ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, 1600, tundu la lenzi f/5.6, kasi ya shata 1/15 ya sekunde, na flashi yenye kifuniko cha kutawanya mwanga katika 1/32 ya nguvu yake yote, kisha mpige mtu aliye kama mita mbili kutoka ulipo. Uso ukizidi kuwa mweupe, punguza flashi na usiguse kingine chochote. Nyuma pakiwa na giza, peleka shata 1/8 na uiache flashi ilivyo. Ukifuata utaratibu huo, kabla ukumbi haujajaa utakuwa umeshapata vipimo vyako vya usiku mzima. Otomatiki ya flashi hushindwa humo kwa sababu kuta na dari za klabu nyingi zimepakwa rangi nyeusi: kamera huona giza tupu, ikaongeza mwanga, na uso ukaungua. Dari hiyohiyo ndiyo inayofanya ushauri wa kuelekeza flashi juu, ambao kwenye harusi unafaa sana, usikusaidie lolote.

Kuhusu fokasi, usiitegemee kamera itafute yenyewe gizani, maana itahangaika huku tukio likipita. Zima fokasi ya otomatiki, baki kwenye milimita 18, na uifunge fokasi kwenye mita mbili, kwa f/5.6 utapata ukali wa kuridhisha kuanzia kama mita moja na robo hadi zaidi ya mita tano. Maana yake ni kwamba lazima uwasogelee watu, na hilo ni jambo jema. Malick Sidibé, mpiga picha wa Mali aliyepiga picha za sherehe za vijana wa Bamako katika miaka ya 1960 na kupewa tuzo ya Hasselblad mwaka 2003, hakusimama pembeni akivuta watu kwa lenzi ndefu. Itazame picha yake ya mwaka 1963 ya vijana wawili wanaocheza vichwa vikikaribia kugusana, utaona jinsi mpigaji alivyokuwa ndani ya sherehe yenyewe.

Ngozi zinahitaji uangalifu ambao miongozo mingi ya mtandaoni haiutaji. Wakisimama marafiki wawili, mmoja mweusi sana na mwingine mweupe, mpange mweusi upande ulio karibu na flashi na mweupe arudi nyuma nusu hatua, kwa sababu mwanga wa flashi hupungua upesi kadiri umbali unavyoongezeka. Ikifika saa saba usiku mapaji ya nyuso yanang'aa kwa jasho, na kila tone linarudisha flashi. Mwombe mtu ajifute kwanza, hakuna atakayekasirika. Taa nyekundu za LED nazo huufanya uso uwe bapa usio na pua wala mashavu, kwa hiyo subiri rangi ibadilike, au baadaye uifanye picha hiyo kuwa ya nyeusi na nyeupe.

Shata ya kimya ya kielektroniki izime kabisa, kwani taa za LED huwaka na kuzima kwa kasi isiyoonekana kwa macho na zitakuachia michirizi picha nzima. Miali ya leza usiielekee, inaweza kuunguza kihisi cha kamera, yaani kile kinachopokea picha ndani yake, na hakitengenezeki. Moshi ukipulizwa, pumzika mpaka utawanyike. Ukitoka kwenye kiyoyozi kwenda nje, joto la pwani hii litaifunika lenzi kwa mvuke, basi iache kamera ndani ya begi mpaka izoee. (Mtindo wa kuzungusha kamera ili taa zitoke mviringo utumie mara chache, picha kumi za namna hiyo zinachosha.)

Limebaki suala la ridhaa. Klabu ina watu ambao hawakuaga nyumbani, na wengine wameketi na mchepuko. Inua kamera, mtazame mtu machoni, piga akitikisa kichwa kukubali. Akigeuza uso, ondoka. Usizipige meza za pembeni bila kuitwa. Picha inayomtambulisha mtu inaweza kuhesabiwa kuwa taarifa yake binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kama Kenya ilivyo na ya kwake ya mwaka 2019. Kwa hiyo mwambie mwenye klabu abandike tangazo mlangoni kwamba kuna mpiga picha, na muandikiane kabla ya Jumamosi ijayo nani atafuta picha mteja akilalamika, nani atamiliki faili, na kama malipo ni ya usiku mzima au ya idadi ya picha. Mimi hudai ya usiku mzima, nusu yake kabla sijaitoa kamera kwenye begi.