Maswali ya Wasomaji: Riwaya na Historia Mezani Pamoja

Swali: Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha wasomaji wa Katuba, hapa Lubumbashi. Kati yetu yumo baba aliyestaafu kazi ya mgodi, wamo wanafunzi wa chuo kikuu, na wamo akina mama wanaouza sokoni. Baadhi yetu tunasoma Kifaransa bila shida, wengine wanasoma Kiswahili tu. Wazee wanadai historia, wakisema riwaya ni maneno ya kupotezea wakati. Vijana nao wanaikimbia historia. Tuanze na vitabu gani? – Mama wa Katuba

Jibu: Mama mpendwa, naomba kikundi chenu kisigawanyike kwa sababu hiyo. Ushauri wangu ni kwamba msome vitabu viwili viwili, kimoja cha kubuni na kimoja cha mambo yaliyotokea, vyote vikihusu jambo moja, ili mzee aliyeshika historia amhitaji kijana aliyeshika riwaya, na kijana amhitaji mzee.

Jozi ya kwanza ninayowapendekezea ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Chukueni riwaya ya Ferdinand Oyono wa Kameruni, Une vie de boy, iliyotoka mwaka 1956 na ambayo imetafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Boi. Wenye Kifaransa wasome ile ya asili, wengine wasome tafsiri, na siku ya kukutana wote watakuwa wamepitia hadithi ileile. Toundi, kijana anayetumika kwanza kwa padri na baadaye kwa mkuu wa Kizungu wa wilaya, anaandika katika daftari zake yale anayoyaona na kuyasikia nyumbani mwa mabwana wake, mpaka kule kujua siri zao kunamponza.

Kando yake wekeni Vocabulaire de ville de Elisabethville (Elisabethville ndilo jina la zamani la Lubumbashi). Licha ya jina lake, kitabu hicho si kamusi. Ni historia ya mji wetu iliyotungwa na André Yav mwaka 1965, kwa niaba ya watumishi wa nyumbani wa zamani, katika Kiswahili kinachosemwa hapahapa kwetu. Humo watu waliopika, waliofua na waliolea watoto wa wengine wanasimulia wenyewe jinsi utawala wa Kibelgiji ulivyoingia, jinsi kazi zilivyokuwa, na jinsi mabwana walivyokaa na maboyi wao. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliyachapisha maandishi hayo mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na matini yake yamewekwa pia kwenye intaneti, ambako mwanafunzi wenu mmoja anaweza kuyapata na kuwachapishia wenzake kurasa chache kila mara.

Nasisitiza jozi hii kwa sababu vitabu vyote viwili vina mtumishi aliyeshika kalamu, mmoja wa kubuniwa na mwingine wa kweli. Oyono anaweza kutuingiza ndani ya moyo wa Toundi, anapoogopa na anapocheka kimoyomoyo, jambo ambalo Vocabulaire haina nafasi nalo. Lakini Vocabulaire inatupa mji, kampuni, majina na miaka, na inasema kwa sauti ya watu wengi. Wazee wenu watakuwa na mengi ya kuongeza, kwani baadhi yao wamelelewa na wazazi waliofanya kazi hizo. Yasomeni maandishi ya Yav kwa sauti. Tahajia yake haifuati ya shuleni, na Fabian mwenyewe alimtegemea msaidizi wake, Kalundi Mango, ayasome kwa sauti ndipo yakaeleweka vizuri. Masikio ya Katuba yatayatambua mara moja.

Wale wenye Kifaransa wanaweza kuendelea na V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi mwaka 1941, aliyefariki mwaka 2025. Riwaya yake Entre les eaux ya mwaka 1973, juu ya padri Mkongo anayejiunga na waasi msituni, inasomeka vema pamoja na Histoire générale du Congo ya Isidore Ndaywel è Nziem. Kitabu hiki cha pili ni kinene mno kwa kikundi kukisoma chote; chagueni sura za miaka ya uhuru na uasi, na hizo zitatosha.

Swali: Ndugu Mhariri, mwalimu alitueleza kwamba Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili. Je, kitabu hicho ni cha kuaminiwa? – Mwanafunzi wa Kampemba

Jibu: Mwalimu wako amesema kweli. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye huku Kongo na pwani alijulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, aliandika maisha yake akiwa mzee huko Unguja, naye Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, baadaye W. H. Whiteley aliyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ni kitabu muhimu sana kwa Mkongo, kwa kuwa mwandishi aliitawala Manyema kutoka Kasongo, na mwaka 1887 alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Kukiamini kote, hapana. Mwandishi anakumbuka vizuri njia, pembe za ndovu, machifu aliokutana nao na vita alivyoshinda, lakini watu waliotekwa na kuuzwa hawapewi nafasi ya kusema hata neno. Kwa hiyo kisome pamoja na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Humo Yusuf, mtoto aliyetolewa na baba yake kuwa rehani ya deni, anafuata msafara wa tajiri kuelekea bara, nasi tunaiona biashara ileile kwa macho ya mtu aliye chini yake. Anza na Tippu Tip, kisha Gurnah. Ukianza na riwaya utamhukumu yule mzee kabla hujamsikiliza.

Swali: Mheshimiwa Mhariri, binti yangu ana miaka kumi na saba na anapenda muziki kuliko vitabu. Nimpe nini? Na vitabu vya Kiswahili tutavipata wapi? – Baba wa Ruashi

Jibu: Baba, mpe Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, kitabu chembamba juu ya mwanamke maskini wa shamba aliyekwenda Unguja mjini, akawa mwimbaji wa taarab, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake katika santuri. Mtafutie rekodi za sauti ya Siti kwanza, azisikilize, ndipo umkabidhi kitabu. Akikimaliza, mpe Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, riwaya ya mwaka 1999 kuhusu Yasmin, msichana anayeozwa kwa mwanamume mwenye umri wa kumzaa, naye akaikimbia ndoa hiyo katika Zanzibar ya siku za kudai uhuru. Yamo mapenzi na siasa, kwa hiyo ni vema nawe ukisome, maana atakuwa na maswali.

Kuhusu kuvipata, vingi vya vitabu hivi vya Kiswahili huchapishwa Dar es Salaam au Nairobi. Wafanyabiashara wetu wanaoleta bidhaa kutoka Dar es Salaam kupitia mpaka wa Kasumbalesa wanaweza kukubebea vitabu viwili vitatu ndani ya mzigo, mradi uwaandikie jina la kitabu na la mwandishi kwenye karatasi na uwape fedha kabla hawajaondoka.