Ukimtafuta bibi kwenye magazeti ya zamani, andika jina la babu

Nianze na kosa langu ili mjue mnashauriwa na mtu wa aina gani. Karibu miezi mitano nilikuwa namtafuta bibi yake mama mkwe wangu kwenye magazeti ya zamani ya Iowa, jimbo la Marekani. Kila usiku watoto wakishalala nafungua kompyuta, naandika jina lake la kwanza na la ukoo, natoka kapa. Na huku ukweni kila mtu anasimulia kwamba bibi alianza kama mwalimu wa kishule cha kijijini akaishia kuwa mtu mkubwa pale mjini, kamati ya maktaba, bodi ya shule, mpaka baraza la mji. Sasa mtu mkubwa hivyo anakosaje gazetini? Nikaanza kuhisi labda ni sifa za familia tu, maana tunajuana, kila ukoo una chumvi yake.

Kumbe yupo, tena karibu kila wiki. Ila kaandikwa Mrs., halafu herufi mbili za majina ya mumewe, halafu ukoo wa mume, basi, la kwake halimo kabisa. Siku nilipoandika zile herufi za mzee, aisee, zikamwagika habari mpaka nikaamsha mume: bibi kabishana na wenzie kwenye kikao kuhusu makaa ya mawe ya kupashia moto shule, bibi kapeleka keki kwenye mnada wa kuchangia maktaba.

Nilicheka peke yangu, mtu wa Tanga mimi, eti nashangaa mwanamke kupotea ndani ya jina la mwingine wakati kwetu akizaa mtoto wa kwanza tu jina lake limekwisha, anakuwa Mama Fulani mpaka anazikwa. Huku wanamficha kwa mume, sisi tunamficha kwa mtoto.

Mfano mzuri ni Carrie Chapman Catt, huyu anajulikana, ni binti wa kule kule Iowa, kakulia shambani karibu na Charles City. Alikuwa mwalimu Mason City, na mwaka 1883 akawa msimamizi wa shule za mji wote. Lakini ukitafuta Catt kwenye habari za miaka ile humpati, wakati ule alikuwa Carrie Lane. Chapman ni mume wa kwanza, mhariri wa gazeti, walioana 1885 akafa mwaka uliofuata, Catt ni wa pili, 1890. Ndiyo huyo aliyekuja kuongoza harakati za wanawake kupiga kura mpaka ikapatikana 1920. Kwa hiyo hatua ya kwanza chukua karatasi, andika majina yote ambayo huyo mama aliwahi kuitwa, na la mume, na herufi za mume, ndiyo uguse kompyuta.

Hatua ya pili ni makopo ya biskuti. Nasema kweli. Msimwendee mzee na maswali makubwa ya "nieleze historia ya familia", atasema hakuna cha kueleza. Mama mkwe alinijibu hivyo hivyo. Nilipomwomba nione lile kopo la vifungo na picha ndiyo mdomo ukafunguka. Ndani kulikuwa na kijitabu saizi ya kiganja, kimefungwa utepe ambao zamani ulikuwa mwekundu sasa una rangi ya chai ya maziwa. Walimu wa vijijini walikuwa wanawagawia watoto shule ikifungwa. Kimechapwa namba ya shule, jina la mwalimu (hapo ndipo nililiona jina lake mwenyewe limechapwa kwa mara ya kwanza!), majina ya wakurugenzi wa shule, na wanafunzi wote mmoja mmoja. Sasa angalia, mkurugenzi mmoja ana ukoo ule ule wa yule ambaye baadaye akawa mumewe, na wanafunzi watatu pia. Enzi zile Iowa ilikuwa na vishule vya chumba kimoja kama 12,000, na mwalimu ambaye mara nyingi ni binti mdogo tu anapangishwa kwa familia za pale pale. Bibi kaolewa na kaka wa wanafunzi wake, mtoto wa bosi. Mama mkwe alikuwa hajui, alicheka mpaka akavua miwani.

Na hapo ndipo nikaelewa kwa nini ualimu ulikatika ghafla. Shule nyingi wakati ule hazikutaka mwalimu aliyeolewa, ukiolewa umeaga. Ile nguvu ikahamia kwenye chama cha akina mama, kutoka huko maktaba, kutoka maktaba bodi ya shule. Na bodi ya shule haikuwa ajabu sana, sheria ya Iowa iliruhusu wanawake kushika vyeo vya shule tangu 1876, yaani unaweza kuchaguliwa kusimamia shule na bado huruhusiwi kumpigia rais kura, haya niambieni hiyo ni akili gani.

Sensa sasa. Karatasi za sensa ya Marekani, zenye majina ya watu nyumba kwa nyumba, hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72, ya 1950 imefunguliwa 2022, na kuziona ni bure. Ya 1890 msihangaike nayo, karibu yote iliharibika kwa moto wa Washington mwaka 1921. Lakini Iowa ilikuwa na sensa yake yenyewe, na ya 1925 ni dhahabu tupu, inaandika wazazi wa kila mtu pamoja na jina la mama kabla hajaolewa. Ya 1940 nayo ina kaalama ka x ndani ya duara pembeni ya jina la aliyejibu maswali mlangoni. Kwetu aliyejibu ni bibi, bila shaka!

Ila ya 1910 iliniponza. Ile iliuliza kila mama kazaa wangapi na wangapi wako hai. Ya bibi imeandikwa 4, walio hai 3. Familia nzima inajua watatu. Mimi na furaha yangu ya ugunduzi nikalitoa mezani siku ya Thanksgiving, ile sikukuu yao ya shukrani, bata mzinga hajakatwa, watu wamejaa. Kimya. Mama mkwe akaweka uma chini akasema tu mama yake hakuwahi kumwambia kama alikuwa na ndugu mwingine, akaenda jikoni, akakaa huko. Jamani, ukikuta kitu cha namna hiyo mfuate mwenye damu yake peke yake, kwa utaratibu, na mwache aamue kama wengine wajue. Mimi mgeni wa ndoa nilipata wapi kifua cha kutangaza msiba wa watu?

Ilipita kama miezi miwili hatuligusi. Halafu akanipigia mwenyewe, twende makaburini theluji ikiyeyuka. Tukakuta kijiwe kidogo kimelala pembeni ya bibi, kimezama kwenye nyasi, tukakisugua kwa maji na brashi laini tu (msitumie sabuni wala brashi ya chuma, jiwe linakwisha). Jioni akatoa picha zote koponi akaanza kuandika majina nyuma, kwa penseli, maana wino unavuja.

Nami usiku huo nikamtumia shangazi wa Muheza ujumbe: bibi yetu jina lake hasa nani, siyo Mama Fulani, lile alilopewa na wazazi wake? Akajibu kwa sauti, dakika kumi na moja, jina liko dakika ya tisa, baada ya kisa cha mbuzi na ugomvi wa shamba la minazi.