Kabla ya kununua diski mpya za breki, fungua kalipa

Mwaka jana nilifunga diski mpya za mbele, zile zenye matundu, nikaamini habari ya breki imekwisha. Miezi minne baadaye nateremka kutoka Lushoto na mke wangu, watoto wawili na magunia mawili ya viazi nyuma. Tumeshaipita Soni, pedeli ikaanza kuzama. Nakanyaga, inakwenda chini laini kama sponji, gari halikamatiki. Harufu ya kuungua ikajaa ndani. Nikashusha gia, nikavuta hendibreki kidogo kidogo, nikasimama kando. Tulikaa zaidi ya nusu saa zipoe, kisha tukajikongoja kwa gia ya kwanza hadi Mombo.

Nilipofika Tanga, fundi wangu wa Ngamiani alifungua tairi la mbele kushoto, akaniwekea pedi mbili mkononi. "Tazama mwenyewe, kaka." Ya nje ilikuwa nene bado. Ya ndani imeliwa, bati la mgongoni mwa pedi linakaribia kugusa diski. Pini za kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, zilikuwa zimekauka grisi na kushika kutu, kwa hiyo kalipa haitelezi: pedi moja inabeba kazi ya mbili, tena haiachii diski sawasawa. Aliyenifungia zile diski hakuzigusa pini kabisa. Sisi wa pwani tunaoishi na upepo wa chumvi tusikubali pedi mpya kufungwa bila pini kusafishwa na kupakwa grisi ya breki, ile isiyoharibu mipira.

Mafuta ya breki nayo yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Mafuta haya hunyonya unyevu. Mapya ya daraja la DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishaingia maji yanaweza kuchemka kwenye 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Ndiyo maana pedeli ilizama. Sasa nabadilisha kila baada ya miaka 2, natumia DOT 4 kwa sababu gari langu linayakubali.

Diski zenye matundu nimeziacha. Kwa gari la familia, diski ya kawaida yenye uwazi wa hewa katikati, ya ubora mzuri, inatosha. Ukitaka kukereza ya zamani, pima unene kwanza: kipimo cha chini kabisa huwa kimegongwa kwenye diski yenyewe. Pedi usizingoje zifike bati, zitoe zikibaki milimita 3, na ubadilishe kushoto na kulia pamoja.

Pedi mpya nazo zina adabu yake: lazima zizoeane na diski kwanza. Mimi huenda barabara ya Pangani alfajiri kukiwa hakuna magari, nikapunguza mwendo kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 15 kama mara kumi bila kusimama kabisa, halafu naendesha taratibu bila kugusa breki mpaka zipoe.