Kipimo cha vyakula 200 kwa tone la damu: kabla hujatoa hela soma yaliyonikuta

Mdogo wangu mleta mada, nimesoma bandiko lako lote. Umesema uko Nyegezi, kila ukila tumbo linajaa gesi, wiki hii unaharisha wiki ijayo choo kimefunga, na kuna watu wamekwambia utoe laki mbili na nusu wakutoboe kidole wapime vyakula 200 wakupe karatasi ya vile ambavyo hutakiwi kula tena. Unauliza uende au usiende, na mwishoni ukauliza kama mtindi nao uuache. Ngoja nikujibu kwa kirefu mana hiyo njia mimi nimeshaipita na hela yangu mpaka leo haijarudi.

Mimi ni mama lishe, niko Mabatini hapa hapa Mwanza, mwaka wa 11 sasa. Kazi yangu chakula, na chakula ndo kilikuwa kinanitesa. Ikifika jioni tumbo limevimba mpaka khanga inabana, linaunguruma kama injini ya mtumbwi, wateja wananipa hongera ya mimba. Miaka mitatu yote mshitakiwa wangu alikuwa sangara, mana ndo chakula changu cha jioni, nakula sangara wa kukaanga nalala, saa nne saa tano usiku balaa linaanza, nikasema basi huyu samaki hatupatani. Hilo la sangara nitalirudia.

Nikaenda kupima kama unavyotaka wewe. Sitaji ni wapi. Wakachukua damu ya kidole, baada ya wiki mbili nikapewa karatasi ina rangi, nyekundu usile kabisa, njano punguza, kijani kula. Nyekundu kulikuwa na mahindi, mchele, mayai, nyanya, ngano, maharage, maziwa. Sasa niambie mtu wa Mwanza anaishije bila mahindi na mchele. Kwenye kijani kulikuwa na lozi, samoni, na majani majani mengine mpaka leo sijui yanafananaje. Nilivyokaa nayo ile karatasi nikaona kitu cha ajabu, vyekundu vyote ni vile ninavyokula kila siku ya Mungu, na vya kijani vingi ni vitu sijawahi kuvitia mdomoni tangu nizaliwe!

Miezi miwili nikafuata, viazi vitamu, matobolwa, samaki wa kuchemsha, mchicha. Nikapungua kilo 8, watu wakaanza kuninong'ona. Na nisiwe muongo, wiki mbili za mwanzo nilipata nafuu kweli, ndo mana utasikia watu wanashuhudia kwamba kile kipimo kimewaponya. Ukifuta vyakula nusu ya jiko lako lazima na mbaya wako mmojawapo atakuwa ametoka humo, ila hujui ni yupi, na wasio na hatia wote umewafungia nje. Halafu nafuu yenyewe kwangu haikudumu na nitakwambia kwa nini.

Daktari mmoja ndo alikuja kunifafanulia. Kile kipimo kinatafuta kinga ya mwili inayoitwa IgG, na hiyo mwili unaitengeneza kwa vyakula unavyovila mara kwa mara, hata mtu mzima wa afya asiye na shida yoyote anayo. Inaonesha mwili umeshakutana na hicho chakula, haioneshi kwamba kinakudhuru. Akaniambia wataalamu wa mzio wa Ulaya walishatoa tamko tangu 2008 kwamba kisitumike kutafuta vyakula vinavyomkataa mtu, wa Marekani wakaliunga mkono 2010, Kanada nao wakasema hivyo hivyo 2012. Na wale wa kushika kijiti mkononi dakika moja kompyuta inatoa kurasa za magonjwa yako yote, hao hata sitaki kuwaongelea.

Usichanganye na mzio wenyewe, aleji ile ya kweli. Ile ukila karanga au samaki midomo inavimba, mwili unatoka vipele, pumzi inabana, na hata kidogo tu kinaweza kukuua, hiyo wana vipimo vyake vya ngozi na vya damu na ni hospitali haraka. Hili letu la kutovumilia chakula linategemea kiasi, nusu kikombe kinapita, viwili vinakulaza chini.

Sasa kabla hujasingizia chakula chochote, wewe ni mtu wa ziwani, kapime choo. Usicheke. Mimi nimezaliwa Ukerewe, tumeoga ziwani, tumeosha vyombo ziwani, tumechota maji ziwani, na kichocho cha tumbo huku kwetu kimejaa tele, sio kile cha kukojoa damu peke yake wanachokijua watu. Hiki kinakaa tumboni, tumbo linauma, unaharisha, saa nyingine choo kina makamasi na damu. Mimi mayai yake yalionekana kwenye choo cha pili, cha kwanza hawakuona kitu, kwahiyo wakikwambia huna waombe upeleke tena siku nyingine. Dawa ni praziquantel, inaenda kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo moja, nilikuwa na kilo 75 wakati huo nikapewa vidonge vitano vya 600 nimeze siku moja nikiwa nimekula. Vichungu hivyo, na siku nzima kichwa kinazunguka, ila makamasi kwenye choo yaliisha. Waangalie na giardia pia, huyo mdudu akikaa tumboni anachubua utumbo, maziwa yanakukataa kwa wiki kadhaa hata ukishatibiwa, na wewe unaanza kuhesabu maziwa kama ndo ugonjwa.

Bakteria wa vidonda vya tumbo, H. pylori, kipimo cha choo ni kizuri kuliko cha damu mana cha damu kinaweza kusema unaye hata kama ulishatibiwa ukapona. Na kama unameza omeprazole, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni, kila siku kama wengi tunavyofanya, iache wiki mbili kabla ya kupima, antibayotiki wiki nne, la sivyo majibu yanaweza kukudanganya kwamba huna, ila muulize kwanza daktari wako kuhusu kuziacha. Mimi sikuwa naye. Na ngano, ukitaka kupimwa ule ugonjwa wa utumbo kukataa ngano kabisa, usiache chapati kabla ya kipimo, ukiacha kinga inashuka na kipimo hakioni kitu.

Haya, vyote vimepita, kichocho kimetibiwa, gesi bado ipo. Hapo ndo yule daktari akanipeleka kwa dada mmoja mtaalamu wa lishe wa hospitali, na yule dada hakunipima kitu chochote, aliniambia ninunue kaunta buku. Nichore mistari: saa, nimekula nini, kiasi gani, tumbo likoje, choo kikoje, na pembeni niandike nimelalaje na kama niko kwenye siku zangu. Akanieleza kuna sukari sukari ndani ya vyakula, wanaziita FODMAP, waliozifanyia kazi sana ni chuo kikuu cha Monash kule Melbourne Australia. Utumbo mwembamba haupati kuzinyonya vizuri, zinavuta maji, zikifika utumbo mpana bakteria wanazichachua. Ni kama umefunga togwa kwenye dumu ukakaza kifuniko. Kila mtu zinachacha, ila kuna wenye matumbo yanayosikia kila kitu kama mimi na wewe. Ziko kwenye vitunguu maji, vitunguu saumu, ngano, maharage na kunde, maziwa fresh, embe, tikiti maji. Wali, ugali wa mahindi, viazi mviringo, mayai, kuku na samaki wetu wote havina shida hiyo.

Basi wiki tatu niviondoe vyote kwa mpigo, halafu nivirudishe kimoja kimoja. Wiki ya kwanza nikawa mtakatifu, nikaandika kila kitu, tumbo vile vile. Nikarudi nimenuna. Yule dada akafunua daftari akasoma kimya kimya, akaniuliza mama unapika nini kazini, nikamwambia maharage, nyama, samaki wa nazi, njegere, supu, sufuria sita, akaniuliza na chumvi unajuaje? Nikamwambia si naonja. Akaniangalia tu.

Siku iliyofuata kila nilichotaka kuonja nikawa namimina kwenye kikombe cha chai badala ya mdomoni, upawa kwa upawa, kama ninavyoonja siku zote. Mpaka saa saba mchana kilikuwa kimejaa kikombe kimoja na nusu cha mchuzi wa vitunguu! Kila siku! Na mimi naandika kwenye daftari "asubuhi chai kavu na viazi". Na hapo ndo nikaelewa ile karatasi ya rangi ilinipa nafuu halafu ikaisha, mana biashara ilichanganya nikawa naonja zaidi, na kitunguu chenyewe kwenye karatasi kilikuwa kijani.

Toka hapo binti anayenisaidia ndo akawa anaonja. Wateja walilalamika chumvi wiki nzima lakini tumbo langu siku ya tano lililala, nikaamka asubuhi tumbo limelala kama la msichana, nikajishika shika pale kitandani siamini.

Kwenye kurudisha usiwe na haraka, hapo ndo kipimo chenyewe kilipo. Chakula kimoja siku tatu, leo kidogo, kesho kaongeza, kesho kutwa kiasi unachokula kawaida, halafu pumzika siku mbili tatu tumbo litulie ndo uende kingine, na vingine vyote vibaki nje. Chapati, moja safi, tatu kesi. Maharage, nikiloweka usiku kucha nikamwaga maji, nikachemsha nikamwaga tena, nakula upawa mmoja bila shida. Embe moja sawa. Kitunguu maji sasa, robo ya kitunguu kwenye mayai, nimekula saa moja asubuhi, saa sita mchana niko chooni nimeacha wateja wanagonga sahani.

Umeona hayo masaa? Matano. Kwahiyo yule sangara wa usiku alikuwa anabeba mzigo wa maharage ya mchana, na tena nilikuwa namla na kachumbari, kitunguu kibichi sahani nzima. Mtu unalaumu chakula cha mwisho kuingia wakati mbaya wako aliingia zamani. Nimemuomba msamaha sangara wa watu, sasa hivi namla anavyotaka, nabadilisha na sato nikipata wa bei nzuri sokoni Mwaloni.

Ujanja wa kitunguu nakupa bure: ile sukari yake inayeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Kaanga vipande vikubwa kwenye mafuta matupu mpaka vikolee, viopoe vyote, ndo utie nyanya, harufu na ladha vimebaki kwenye mafuta. Sio utie nyanya halafu uopoe, hapo umeshachelewa, maji ya nyanya yameshaichukua. Majani ya kijani ya kitunguu nayo hayana shida. Sufuria yangu naunga hivyo na hakuna mteja aliyewahi kuuliza. Na viungo vya pakiti geuza nyuma usome, vingi vina unga wa kitunguu na saumu.

Kuna kingine kilitoka kwenye daftari sikukitegemea. Alhamisi. Kila Alhamisi tumbo baya hata kama nimekula wali na yai tu. Nikahangaika kutafuta ninachokula Alhamisi, kumbe Alhamisi ndo ilikuwa siku ya marejesho ya mkopo niliokuwa nao, hii ya riba kubwa tunayoiita kausha damu, na mawazo yake ndo yalikuwa yanavuruga tumbo. Mkopo ulipoisha mwezi wa tisa na Alhamisi ikapona. Kipimo gani cha damu kingeniambia hilo?

Usikae kwenye kuacha vyakula maisha yako yote, wiki mbili mpaka sita inatosha, ukizidisha unakonda bure na utumbo wenyewe unahitaji hivyo vitu. Na kama choo kina damu, unapungua bila sababu, una homa, damu imepungua, kuharisha kunakuamsha usiku, au umevuka 50 ndo tumbo linaanza kubadilika sasa, achana na daftari langu nenda hospitali.

Sasa mtindi wako. Maziwa fresh mimi glasi nzima inanipiga, kwenye chai nusu kikombe yanapita. Mama mkwe wangu wa Magu alicheka mpaka akakaa chini, mke wa Msukuma anashindwaje maziwa. Lakini karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani hawayeyushi vizuri sukari ya maziwa, na kuna utafiti ulitoka 2007 uliopima damu za makabila ya Tanzania, Kenya na Sudan, wakakuta wafugaji wengi wana vinasaba vinavyowaruhusu kuendelea kunywa maziwa ukubwani. Mume wangu anavyo, mimi mtu wa ziwani sina. Mtindi ni tofauti, wale bakteria wameshaila sehemu ya sukari kabla yako. Usiuache kwa kuogopa. Ukifika zamu yake anza robo glasi, yule mama wa Magu ndo ananiletea wa kwenye kibuyu, glasi nzima nakunywa na ugali na silalamiki.