Uliza Safari: Mama wa Tukuyu na kijiji cha Eyam

Habari za Iringa, dada. Mwanangu anasoma uuguzi Sheffield, Uingereza, na ameniomba nikamtembelee mwishoni mwa Agosti. London sina haja nayo. Mimi ni mkulima wa ndizi na chai, nataka kuona kijiji na namna wenzetu wanavyoishi na ardhi yao. Je, kuna kijiji karibu na Sheffield ambacho mama wa miaka 61 anaweza kukizunguka kwa miguu? Na ukikatiza shamba la mtu kule, hawakufungulii mbwa? Ndaga fijo.
Mama Atupele, Tukuyu

Kamwene, Mama Atupele. Nilisoma Sheffield kabla ya kurudi nyumbani Iringa, na barua yako imenifurahisha sana. Nenda Eyam. Wenyewe hutamka "Iimu", na ukimtajia dereva hivyo ataelewa. Ni kijiji cha nyumba za mawe kilimani, katika mkoa wa Derbyshire. Basi kutoka Sheffield linafika, ila mabasi ni machache na Jumapili yanapungua zaidi, hivyo mwanao aulize saa ya basi la kurudi kabla hamjaondoka mjini.

Wageni wengi hufika pale, wakapiga picha, wakanywa chai, wakaondoka. Nakuomba usifanye hivyo, kwa sababu ya jambo lililotokea katika kijiji kile.

Mwaka 1665 tauni ilikuwa inaiteketeza London. Mshonaji wa Eyam akaletewa vitambaa kutoka huko, na inaaminika kwamba viroboto waliokuwemo ndio walioleta ugonjwa. Msaidizi wake, George Viccars, alifariki Septemba mwaka huo. Wakafuata wengine. Juni 1666 baadhi ya watu walitaka kukimbia. Kasisi kijana, William Mompesson, akashirikiana na mtangulizi wake, Thomas Stanley, ingawa katika mambo ya kanisa walikuwa pande mbili tofauti. Wakawaomba watu wabaki, wasije wakaupeleka ugonjwa vijiji vya jirani. Watu wakakubali.

Chakula kikawa kinaachwa mpakani, na kingine kilitoka kwa bwana mwenye Chatsworth, jumba ambalo nitakueleza. Kwenye njia ya kwenda Stoney Middleton bado lipo jiwe lenye vishimo ambamo sarafu za malipo ziliwekwa katika siki ili zisibebe ugonjwa. Kanisa likafungwa, ibada ikahamia bondeni, mahali pa wazi. Kila familia ikazika watu wake yenyewe. Mama, wewe unaujua msiba wa Unyakyusani: kiwanja kinajaa, wanaume wanachimba, kina mama wanapika, mfiwa haachwi peke yake hata usiku mmoja. Elizabeth Hancock aliwazika mume wake na watoto sita ndani ya siku 8, Agosti 1666, bila jirani wa kumpokea jembe. Makaburi yao yako shambani, nje kidogo ya kijiji, yamezungushiwa ukuta wa mawe. Yanaitwa Riley Graves. Panda pale asubuhi, ukiwa bado na nguvu, na usiwe na haraka.

Hesabu inayotajwa kijijini ni watu 260 waliokufa hadi Novemba 1666. Catherine, mke wa kasisi, ni mmoja wao, na kaburi lake liko uani kwa kanisa, penye msalaba wa mawe wa karne ya 8. Kila Jumapili ya mwisho ya Agosti hufanyika ibada ya kuwakumbuka. Safari yako inaangukia siku hizo hizo, kwa hiyo panga tarehe uihudhurie. Wala tusiseme tauni ni habari ya Wazungu wa kale. Lushoto kwetu ilianza kuugua mwaka 1980 na ikateseka kwa miaka mingi.

Sasa kuhusu mbwa. Uingereza ina njia za miguu za umma zinazokatiza mashamba ya watu, na sheria inakulinda maadamu unazifuata. Tafuta mshale wa njano kwenye nguzo. Geti ulilolikuta limefungwa, pita kisha ulifunge. Ng'ombe mwenye ndama mpishe kwa mbali, kama unavyofanya nyumbani. Haki ya kutembea huko ilipiganiwa: mwaka 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi wa Manchester, waliupanda mlima Kinder Scout uliokuwa umefungwa kwa ajili ya uwindaji wa matajiri, na watano kati yao wakatupwa jela. Mwaka 1951 eneo hilo lote la Peak District, Eyam ikiwemo, likawa hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza. Sisi tuliozoea Ruaha tunashangaa: hakuna geti la kiingilio, na watu wanaishi, wanalima na kufuga kondoo humo humo ndani.

Chatsworth ni kilomita chache tu kutoka Eyam, na kwa mkulima wa ndizi si mahali pa kuruka. Miaka ya 1830 mtunza bustani wa pale, Joseph Paxton, alikuza mgomba kwenye nyumba ya vioo hadi ukazaa, akaupa jina la ukoo wa bwana wake: Cavendish. Ndiyo ndizi inayouzwa kuliko zote katika biashara ya kimataifa leo. Kuingia ndani ya jumba ni ghali, lakini kutembea kando ya mto Derwent na kulitazama kwa nje ni bure, na mimi naona hiyo inatosha. Jumatatu kuna mnada wa mifugo Bakewell, mji wa jirani, utaupenda. Mapango ya Castleton ni mazuri ila yana ngazi nyingi, mwachie mwanao.

Kama wewe ni Mmoravian, kama wengi wa huko kwenu, muombe mwanao mkitua Manchester mpitie Fairfield, Droylsden. Ni makazi ya Wamoravian yaliyojengwa 1785, zaidi ya miaka 100 kabla wamisionari wao hawajafika Rungwe.

Viza ya mgeni wa kawaida inakuruhusu kukaa hadi miezi 6. Fomu inajazwa kwa intaneti na alama za vidole utatoa Dar es Salaam. Anza mapema. Zawadi beba majani ya chai ya Tukuyu. Nyama na maziwa acha, forodha watavichukua.

Dada, baridi ya Agosti huko inaizidi ya Makete? Nina safari kama ya huyo mama.
Msomaji, Makete

Haiizidi. Agosti ni kiangazi chao, mchana ni kama nyuzi 20, na jua huzama karibu saa 2 usiku. Aliyezoea barafu ya alfajiri ya Juni hapo kwenu hatatetemeka. Kinachosumbua ni mvua isiyotoa taarifa, na njia za mashambani zikilowa zinateleza. Chukua koti la mvua na viatu vyenye meno.