Figili zangu zimejaa majani tu, chini hamna kitu!

SWALI: Shikamoo anti. Nipo Marangu, nimepanda figili pembeni ya migomba sababu niliambiwa zinasaidia choo na presha, sasa hii wiki ya sita majani yamejaa ila chini ni vijimizizi vyembamba kama kamba. Nimekosea wapi? Na ni kweli zinashusha presha?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo tatizo ni kivuli na samadi. Figili inataka jua, chini ya mgomba inahangaika kutafuta mwanga inaishia kurefusha majani, na samadi ikizidi ndo kabisa nguvu yote inaenda juu. Halafu wengi hampunguzi miche, zikibanana hazijazi, ng'oa uache kama sentimita 5 kati ya mche na mche. Maji weka kidogo kidogo maana ukikausha afu ukamwaga mengi zinapasuka. Zile nyekundu ndogo siku 25 hadi 30 unang'oa, ukichelewa zinakuwa kali na ndani kama sponji.

Kuhusu afya, zina vitamini C na nyuzinyuzi, kwa hiyo la choo ni kweli. Potasiamu nayo imo na inasaidia presha, ila dawa za hospitali usiache jamani, nakuomba sana.

Na hayo majani usitupe! Yakiwa bado machanga yakaange kama mchicha na kitunguu na nyanya, ule na ugali, matamu mno. Figili zenyewe mi nakatia kwenye kachumbari na ndimu, chumvi kidogo tu.