Uliza Tukujibu: "Mtafiti anamuuliza babu alikuwa akisikiza redio gani, si mpelelezi huyu?"

SWALI

Asalaam aleikum mhariri. Mimi niko Langoni hapa Lamu. Kuna bwana mmoja mtafiti wa historia amekuja kwetu mara tatu sasa kuongea na babu, ambaye ana miaka themanini na kitu. Maswali yake ndo yananitia wasiwasi, hamuulizi habari za kupigania uhuru wala za DC wa kizungu, anamuuliza ati mwaka wa 1956 mlikuwa mkisikiza redio gani, ilikuwa ya nani, mlikaa wangapi, nyimbo gani mlizipenda, Cairo walikuwa wakisema nini. Anasema utafiti wake ni wa diplomasia ya utamaduni. Babu amefurahi kweli, anasimulia mpaka kahawa inapoa, lakini mjomba anasema huyu ni mpelelezi afukuzwe. Hiyo diplomasia ni kitu gani, na nyimbo za redio zinahusiana vipi na mambo ya nchi kwa nchi?
Mjukuu, Langoni

JIBU

Waaleikum salaam mwanangu. Nianze na mjomba manake hofu yake si ya kupuuzwa, watu wametufanyia mengi hapa pwani wakijiita watafiti. Mtu anayefanya utafiti Kenya hii lazima awe na leseni ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, mwambieni kwa adabu tu awaonyeshe, someni jina na kichwa cha utafiti kama vinalingana na anayowaambia. Babu naye aelezwe kwa Kiswahili atatumiaje maneno yake, akubali mwenyewe, na akitaka kunyamaza swali fulani anyamaze. Hayo yakiwa sawa, mpeni kiti.

Sasa hiyo diplomasia. Tuliyoizoea ni ya mabalozi na mikataba. Ya utamaduni ni pale nchi inapotaka ipendwe na watu wa nchi nyingine, si serikali yao pekee, basi inawapelekea muziki, lugha, vitabu, skolashipu, filamu. Ndo kazi ya British Council tangu 1934, na Wafaransa walitangulia na Alliance Française yao 1883.

Lakini kwa pwani yetu miaka hiyo ya hamsini, mwenye kazi hiyo hasa alikuwa Cairo. Walianza kutangaza kwa Kiswahili 1954, zama za Gamal Abdel Nasser, kiongozi wa Misri, na hawakuja na siasa mikono mitupu, walikuja na Umm Kulthum, mwimbaji wao mashuhuri. Alhamisi ya kwanza ya mwezi tamasha lake lilikuwa likirushwa hewani kwa Kiarabu, na wazee wetu ambao taarab yao imechota Misri tangu zamani hawakuhitaji kufundishwa kuipenda sauti ile, udi na fidla walivijua. Kwa hiyo mtu anafungulia redio kwa sababu ya wimbo, mawimbi yanakwaruza, baraza zima limenyamaza, halafu saa ya Kiswahili inafika na habari zinawaambia kwa lugha yao wenyewe kwamba Mwingereza hana haki ya kuwatawala. Wimbo ndo uliomfungulia mlango mtangazaji, na hicho ndo kitu ambacho mgeni wenu anakitafuta.

Na Waingereza walilielewa hilo vizuri sana. Julai 1956 Nasser akautaifisha Mfereji wa Suez, Uingereza na Ufaransa pamoja na Israeli wakamvamia, na tarehe 2 Novemba ndege za Uingereza zikaenda kupiga mabomu mitambo ya Redio Cairo. Hebu fikiria mwanangu, ndege za vita kwa ajili ya kunyamazisha redio! Mwaka uliofuata, tarehe 27 Juni 1957, BBC ikaanza kutangaza kwa Kiswahili. Peking, yaani Beijing ya China, nao wakaja na Kiswahili chao 1961. Yaani mvuvi wa Lamu aliyekuwa hajawahi kufika hata Nairobi alikuwa akibembelezwa na miji mikubwa mitatu kwa lugha ya mamake.

Haya, mwanahistoria anaenda maktaba za nyaraka Nairobi na London, anafungua mafaili. Mengine yalifichwa kabisa, mwaka 2011 ndo serikali ya Uingereza ilikubali kwamba ilikuwa na mafaili kama 1,500 ya Kenya yaliyobebwa wakati wa uhuru na kuwekwa Hanslope Park, ghala la serikali huko Uingereza. Humo atakuta wakubwa wakiandikiana barua za hofu, na kwengineko atakuta matangazo yalivyonakiliwa neno kwa neno na watu walioajiriwa kusikiza redio za wengine. Atajua Cairo ilisema nini na gavana wa kikoloni aliogopa nini. Babu yako hayumo. Aliamini? Alizima redio wimbo ukiisha? Alibishana na rafikiye kuhusu Nasser mpaka wakanuniana? Bila hayo hakuna anayeweza kusema kama ile kazi yote ya Cairo iliingia moyoni mwa mtu au ilipita na upepo.

Sisi wa Malindi tunaujua uchungu wa kukosa upande wetu. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifikisha twiga kwa mfalme Yongle wa China, na kule wakamwita qilin, mnyama wa baraka anayetokea pakiwa na mtawala mwema, jambo lililomfaa sana Yongle manake kiti alikuwa amemnyang'anya mpwa wake kwa vita mwaka 1402. Tunajua alivyopokewa kwa sababu Wachina waliandika. Mtu wa Malindi aliyempandisha twiga yule chomboni alikuwa akifikiria nini, alitaka nini arudishiwe, tunabaki kukisia kutoka kwa maneno ya wenyeji wake. Mimi hilo huniuma kila nikipita ufukweni.

Kwa hiyo keti hapo na babu, na wewe rekodi kwa simu yako, na mwambieni mtafiti nakala ya mahojiano ibaki nyumbani.

Halafu muulizeni mtafiti jambo moja, wanawake walikuwa wakisikiza wapi? Barazani walikaa wanaume. Kama bibi yako yuko hai, alikuwa ndani, dirisha liko wazi, na ile redio alikuwa akiisikia vilevile. Mtafiti aje na mwenzake wa kike, bibi naye aulizwe.